Vijiko Vitano vya Makande

Mimi si mtu wa machozi, niseme mapema. Kwetu walinizoea hivyo tangu utotoni. Hata babu yangu alipozikwa, shangazi alinifinya paja ili nilie kama wenzangu, nami nikamgeukia nikamwuliza ananifinyia nini. Kwa hiyo ukiona nasimulia habari za mwanangu kama mtu anayesimulia ubovu wa barabara, usinishangae. Ndivyo nilivyo, na wiki zile za hospitali ndivyo nilivyozidi kuwa.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Tuliishi juu mlimani, Upare ya kusini, nyumbani kwa wakwe zangu. Mume wangu alikuwa ameshuka Kihurio kwenye mashamba ya mpunga, na mimi nilikuwa kwenye tangawizi. Siku hizi kwetu kila mtu ni tangawizi. Palipokuwa na maharage, tangawizi. Palipokuwa na mihogo, tangawizi. Na msimu wa kuchimba haungoji mtu. Unatoka na umande, unachimba, unaosha, unajitwika mpaka lori linapopakilia, unarudi mgongo haunyooki. Nilimwachisha mtoto ziwa mapema ili nipate nafasi, nikamwachia mama mkwe wangu pamoja na unga wa uji.

Uji mweupe wa mahindi. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji. Mama mkwe alinisemesha mara mbili tatu.

"Mwanangu, uji mtupu haujengi mtoto. Mayai yale usiyauze yote."

"Mama, kwani si anashiba?"

Kushiba alikuwa anashiba, hilo kweli. Mimi nimefika kidato cha nne, mama mkwe wangu hata la saba hakulimaliza, basi nikajiona mambo ya lishe nayajua mimi. Shule nayo ina kazi yake ya kumpumbaza mtu.

Baada ya muda mtoto akaanza kujaa. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa. Watu wakikutana naye njiani wanasema, "Jamani, mtoto kanenepa huyu! Unampa nini?" Nami nacheka kwa kiburi. Mama mkwe peke yake hakucheka. Siku moja alimpakata, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, akaniita nije nione. Kidole kilipoondoka, shimo likabaki pale pale, kama umebonyeza unga uliokandwa.

"Hii siyo nyama," akasema.

"Mafuta hayo, mama," nikamjibu, nikaenda zangu shambani.

Haikupita wiki, mtoto akashikwa na homa, akahara, kifua kikabana. Tukashuka naye Same asubuhi, mimi na mama mkwe. Kule juu tuliacha ukungu, huku chini tukapokewa na jua na vumbi. Hospitalini nesi alimvua nguo, akambonyeza mguu kama mama mkwe alivyombonyeza, akamzungushia mkononi ule utepe wenye rangi. Ukasoma nyekundu. Mkono ulikuwa mwembamba na mimi sikuwa nimeuona, macho yangu yalikuwa kwenye mashavu.

"Mama, mtoto ana nimonia na ana utapiamlo mkali. Huu uvimbe ni maji."

Hapo nikakasirika. Badala ya kuogopa, mimi nikakasirika. Nikamwambia utapiamlo ni wa watu wenye njaa, sisi tuna shamba, tuna nyumba ya bati, tunalima tangawizi mpaka inapelekwa Dar.

"Tangawizi mtoto anakula?" akaniuliza.

Toka pale nikafa ganzi. Sijui niiseme vipi. Ni kama mkono ulioulalia: unauona, ni wako, lakini ukiugusa hausikii. Wakamwekea mpira puani, wakamchoma sindano, mtoto hakulia hata kidogo. Alikuwa ametulia, anatazama ukuta. Nami nikakaa kando yake nikatazama ukuta huo huo.

Daktari alitueleza sote wawili, mimi na mama mkwe, taratibu, na nesi akarudia. Mtoto aliyefikia pale halishwi kama mtoto mzima. Atapewa maziwa ya dawa, kidogo sana, kila baada ya saa mbili, na tusithubutu kumwongezea kitu kingine. Mwili wake umeshapunguza kazi zote ili usife: moyo unapiga kivivu, figo zimelegea, tumbo limesinyaa. Ukimshindilia chakula ghafla, hasa chenye chumvi, moyo unashindwa kubeba. "Kwa sasa hatumnenepeshi," daktari alisema. "Tunamtuliza tu asiondoke. Kunenepa kutakuja baadaye."

Basi ikaletwa hiyo kidogo sana. Yesu wangu! Ilikuwa ya kulowesha ulimi tu. Nikamwambia mama mkwe tukiwa nje, hawa watu watamwua mtoto kwa njaa. Kwetu mgonjwa haulizwi uji. Mgonjwa anapikiwa, anabembelezwa, analazimishwa. Na mimi nilitegemea mama mkwe ndiye atakayeanza fujo, maana wazee ndio wanaojulikana kwa kuficha chupa za uji kwenye kanga. Akanishangaza.

"Shamba likikauka hulifungulii ndiva yote," akasema. "Unafungua kidogo, udongo unywe kwanza. Ukifungua kwa pupa maji yanaondoka na mbegu. Hawa watu wanajua wanachofanya."

Ndiva ni lile bwawa la kwetu la kukusanyia maji ya mfereji, ambayo tunagawana kwa zamu mashambani. Mimi nimekua nikitumwa kufungua ndiva. Nikamwona mama anazungumza mambo ya kilimo wakati mwanangu anakufa, nikarudi zangu wodini.

Yeye akafikia kwa mdogo wake hapo mjini, na kila mchana akawa ananiletea chakula kwenye hotipoti. Makande. Mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja; sisi Wapare tukiwa na furaha tunapika makande, tukiwa na msiba tunapika makande. Aliyapika mpaka yakalainika kabisa, na mchuzi wake mzito wenye chumvi. Kila siku akiniwekea mapajani anasema maneno yale yale: "Kula, mwanangu. Nimekupikia wewe. Mtoto ana chakula chake."

Nilikuwa nakula bila kusikia ladha. Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa Kimasai kutoka huko nyikani, naye mtoto wake ana mpira puani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Tulikuwa tunaangaliana tu. Mara moja aliniambia, "Kwetu ng'ombe wengi, maziwa mengi, wanamkataza," akainua mabega. Mtoto wake hakumpa kitu.

Siku ya nne homa ikashuka. Ilikuwa mchana, mama mkwe ameshaleta chakula, amekwenda bombani kufua nguo za mtoto. Nesi alikuwa wodi ya pili. Nikafungua hotipoti, harufu ikatoka, na mwanangu, ambaye siku zote hizo alikuwa anatazama ukuta, akageuza kichwa. Akatazama hotipoti. Akanitazama mimi. Akafungua mdomo.

Sikiliza, mimi najua nilichoambiwa. Sikusahau. Nilikumbuka daktari, nikamkumbuka nesi, nikaikumbuka hata ndiva. Lakini mtoto alitoa kasauti, kadogo, ka kuomba, na ile ganzi ikafunguka kidogo mahali, nikasikia maumivu nisiyoweza kuyavumilia. Wazee wamesema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikaponda punje kwa mgongo wa kijiko, nikachanganya na mchuzi, nikampa. Akameza. Nikampa tena. Vijiko vitano. Nilivihesabu kwa sababu nilikuwa nafurahi. Ilikuwa furaha yangu ya kwanza tangu tushuke mlimani. Nilipoinua macho, yule mama wa Kimasai alikuwa ananitazama. Nikafunga hotipoti.

Saa tisa mtoto akaanza kuhema. Mbavu zinaingia ndani, pua zinapanuka, midomo imebadilika rangi. Nesi akaja, akahesabu, akatoka mbio. Daktari akaja. Akashika mkono, akasikiliza kifua, akauliza mtoto amehara mara ngapi tangu asubuhi. Wakazungumza wao kwa wao haraka haraka, kwamba pengine amepungukiwa maji, pengine damu, nesi akaanza kutayarisha dripu. Kisha daktari akanigeukia.

"Mama, umempa chochote zaidi ya maziwa?"

"Hapana," nikasema.

"Una uhakika? Hata uji? Hata maji ya chumvi?"

"Hapana."

Nilisema hivyo. Mwanangu anahema namna ile mbele yangu, na mimi nasema hapana, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama naulizwa kama nimemwona mbuzi wa jirani. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini. Aibu, ndiyo. Kidato cha nne. Lakini zaidi ni kwamba sikuwepo. Aliyejibu ni mdomo tu.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale na nguo mbichi mkononi. Akamtazama mtoto, pembeni ya mdomo wake lilikuwa limeganda ganda la harage. Akafungua hotipoti akaona nimekula padogo na punje zimepondwapondwa kwa kijiko. Akanitazama mimi, muda usiozidi wa kufumba na kufumbua. Kisha akaziweka nguo chini.

"Daktari," akasema, "mtoto amekula makande. Nimempa mimi."

Daktari akageuka. "Acha hiyo dripu!" akamwambia nesi. "Acha kabisa!"

Baadaye nilielewa. Moyo wa mwanangu ulikuwa umezidiwa mzigo, na ile dripu ingekuwa mzigo wa mwisho. Wakamkalisha kitako, wakamwekea oksijeni, wakasimamisha hata maziwa, wakamdunga sindano. Na nesi, ambaye ndiye aliyekuwa amekesha naye, akamgeukia mama mkwe wangu mbele ya wodi nzima.

"Bibi! Si tulikueleza? Si tulikueleza, bibi? Nyie wazee ndio mnaotuulia watoto kwa ubishi wenu!"

"Nisamehe, mwanangu," mama mkwe akasema. "Nilimhurumia."

Akaambiwa asiingie tena na chakula wodini, na ikiwezekana asiingie kabisa. Akaokota zile nguo mbichi akatoka. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mtoto. Yule mama wa Kimasai akasonya, kwa nguvu, na hakuwa anamsonya bibi. Kama angekuwa na Kiswahili cha kutosha siku ile, maisha yangu yangekuwa mengine.

Siku mbili hatukujua mtoto yuko upande gani. Nilihesabu nondo za dirisha, zilikuwa tisa. Nilisali Baba Yetu mpaka maneno yakapoteza maana, nikawa nasema tu. Mama mkwe alikuwa anashinda nje kwenye ukuta wa uzio, juani, Same ile unayoijua, na nikitoka ananiuliza jambo moja tu: "Anahemaje?" Nami namjibu. Siku ya pili nilimwuliza kwa nini alisema vile.

"Wangekufukuza wewe, mtoto angebaki na nani? Mimi nikikaa nje hapungukiwi kitu."

"Wasingenifukuza, mama. Mama mzazi hafukuzwi."

"Sikujua," akasema. "Na mtu mmoja ilibidi aseme. Wewe ulikuwa umekana."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningeweza kumjibu, maana ukali ninao wa kutosha.

Mtoto akarudi. Alirudi kidogo kidogo, kama walivyosema. Maziwa yakaanza upya, machache kuliko mwanzo. Kisha maji yakaanza kushuka mwilini, na hapo ndipo nilipomwona mwanangu kwa mara ya kwanza: mifupa mitupu, mapaja kama vijiti, ngozi ya matakoni inaning'inia. Yale mashavu niliyokuwa natamba nayo njiani hayakuwepo. Nesi akanipongeza, ati hiyo ndiyo dalili nzuri. Haya. Nikasema asante.

Wiki iliyofuata akaanza kuvuta kikombe mwenyewe. Wakambadilishia maziwa yenye nguvu zaidi, wakamtoa mpira, kisha wakaleta vile vipakiti vya karanga za dawa, wakamjaribu kama atamaliza. Akamaliza, akalamba na karatasi. Siku alipocheka, alimchekea paka aliyekuwa anapita dirishani. Nesi alipiga makofi. Mimi nilitikisa kichwa, nikaendelea kukunja nguo; machozi yalikuja miezi minne baadaye, niko mtoni naosha tangawizi, bila sababu, mpaka wenzangu wakadhani nimeng'atwa na kitu.

Tukaruhusiwa. Nesi alinifundisha uji wa kuchanganya: karanga zilizosagwa, dagaa, yai, tone la mafuta, na maharage ya kupondwa atakapokuwa tayari. "Na umwangalie bibi," akaongeza kwa sauti ya chini. Nikasema nitamwangalia.

Mume wangu alipotoka Kihurio kuja kutuchukua, alizisikia habari kwa nesi. Alimheshimu mama yake, hakumfokea, lakini aliwasimulia ndugu zake, na ndugu wakawasimulia wake zao. Habari ikapanda mlima kabla yetu. Nilidhani nitaisahihisha tukishafika. Kisha nikadhani nitaisahihisha mtoto akipona vizuri. Kisha Pasaka, kisha mavuno. Jambo likilala sana linaota mizizi, na mimi najua kung'oa vitu vyenye mizizi, ndiyo kazi yangu, lakini hilo sikuling'oa.

Binti yangu sasa yuko darasa la tatu. Anasema sana, ana mbio, ana meno kama panya buku. Na kila Krismasi, Wapare wote wakirudi nyumbani kutoka Dar na Arusha na kwingine, hadithi ile inapakuliwa pamoja na chakula. Imeshakuwa mzaha. "Bibi na makande yake!" wanasema, wanacheka. Lakini chini ya mzaha huo, wake za shemeji zangu wana sheria yao: watoto wao hawali jikoni kwa bibi. Wanakula kilichopikwa na mama zao. Miaka yote hii mama mkwe wangu ana wajukuu kumi na mmoja, na hakuna anayemruhusu kuwalisha. Mwanamke aliyelea watoto saba, na wote wazima.

Krismasi iliyopita tulitoka kanisani, tukakaa uani. Mama mkwe amezeeka, mkono unatetemeka kidogo. Alipika makande sufuria kubwa, akaanza kupita mwenyewe na upawa. Alipofika kwa binti yangu, mtoto akafunika sahani yake kwa kiganja.

"Asante, bibi. Nimeshiba."

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Alisema kwa heshima zote, kama alivyofundishwa. Mama mkwe akasema haya mjukuu wangu, akataka kupita.

Nikasikia sauti yangu. "Siyo bibi," nikasema. "Aliyekupa makande hospitali ni mimi. Bibi hakukupa kitu. Daktari aliniuliza mara mbili, nikamdanganya mara mbili, ndipo bibi akasema ni yeye. Ni mimi."

Upawa ulibaki hewani. Nilihisi ile ganzi inaachia, nikangoja watu wanigeukie. Nilikuwa tayari, hata wangenitemea mate ningekaa.

Wifi yangu mkubwa ndiye aliyeanza kusema. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mnaona?" akawaambia wenzake. "Mnamwona huyu? Miaka yote, bado anamsitiri mkwewe. Haya ndiyo malezi. Wangapi siku hizi wana heshima hii?"

"Siyo heshima," nikasema. "Nasema kweli."

"Tunajua, wifi, tunajua," akanipapasa bega. Mwingine akasema Mungu atanilipa. Mume wangu akanitazama kwa upendo ambao sijawahi kuuona tangu anioe. Soda zikafunguliwa, mazungumzo yakahamia kwenye barabara.

Binti yangu bado alikuwa amefunika sahani.

Nikamgeukia mama mkwe. Nilitaka aseme neno, yeye peke yake ndiye angeweza. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile pale kitandani, muda ule ule mfupi. Kisha akainamisha upawa juu ya sahani yangu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Nimekupikia wewe."